SlaveVoyages: jibu la Pwani ya Mashariki limo, ila lataka kutafutwa vizuri

Ni nadra kuulizwa kama Waafrika wa Mashariki nao walivushwa Atlantiki. Likiulizwa, hujibiwa haraka kwamba wao walipelekwa Uarabuni, basi. SlaveVoyages, hifadhidata ya bure ya safari za meli za watumwa, iliyoko Rice University nchini Marekani, inakadiria watu wapatao 543,000 walipakiwa melini kutoka kusini-mashariki mwa Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi, kati ya milioni 12.5 wa biashara nzima ya Atlantiki. Lakini ukichuja ovyo utatoka mikono mitupu.

Anzia kwenye jedwali la safari. Katika vichujio vya njia ya meli, chagua mahali mateka waliponunuliwa, kisha eneo zima la kusini-mashariki. Ukiandika Kilwa peke yake utapotea. Mkataba wa 1776 kati ya Morice, mfanyabiashara wa watumwa wa Kifaransa, na sultani wa Kilwa ulitaja watu 1,000 kwa mwaka, lakini wengi walipelekwa Mauritius na Réunion, na safari zilizoishia huko hazihesabiwi katika jedwali la Atlantiki. Uchache wa Kilwa humo hausemi lolote kuhusu wangapi waliondoka Kilwa. Jaribu pia Quilimane, tahajia ya zamani ya Quelimane, bandari ya Msumbiji. Jina Mozambique nalo lina mtego wake: Brazil walimbandika karibu kila mtu aliyetoka upande huu wa bara, awe wa pwani au wa bara ya mbali.

Halafu weka miaka 1815 hadi 1830, na Rio de Janeiro kama mahali pa kushushia. Mwaka 1815 Wareno walikubaliana na Waingereza kuacha biashara ya watumwa kaskazini mwa ikweta, ndipo wafanyabiashara wengi wakageukia Msumbiji. Hapa ndipo hifadhidata hii inapong'ara. Sijui chombo kingine cha bure kinachokuonyesha mgeuko huo meli kwa meli.

Kwenye tarakimu, kuwa macho. Idadi nyingine zimetoka kwenye nyaraka. Nyingine wahariri wamezikokotoa pale nyaraka zilipokaa kimya. Ni safu mbili tofauti, na wanaonukuu huzichanganya kila siku. Usijumlishe pia safari zilizoorodheshwa, zaidi ya 36,000, ukategemea kupata ile milioni 12.5: makadirio huongeza safari ambazo kumbukumbu zake zimepotea.

Sehemu ya majina ina watu zaidi ya 91,000 waliotolewa kwenye meli za watumwa zilizokamatwa na kuandikishwa Freetown na Havana. Kwa msomaji wa pwani yetu haina mengi, maana wengi mno ni wa Afrika Magharibi, na makarani waliandika majina kama walivyoyasikia.

Kiswahili hakimo, utachagua Kiingereza, Kihispania au Kireno. Kwenye simu michoro ni mizito, hivyo pakua data uifungulie kwenye kompyuta. Ukinukuu safari, andika namba yake ya utambulisho na tarehe uliyoisoma, kwa sababu rekodi hurekebishwa nyaraka mpya zikipatikana.