Honda CB200 ya baba yapata breki ya Pulsar: kazi ya fundi mmoja wa Katwe

Miezi mitano nzima niliukwepa mteremko wa Makerere unaoshukia taa za Wandegeya. Honda CB200 ya marehemu baba, ya mwaka 1975, injini yake bado nzima. Silinda zote mbili zinanguruma vilevile kama nilipokuwa mtoto hapa Bombo nikisubiri kusikia anarudi. Kilichonitisha ni breki ya mbele. Asiyeijua pikipiki hii huona diski akadhani mambo ni mazuri, kumbe diski hiyo haibanwi kwa mafuta, inavutwa na waya kama baiskeli. Waya ukilegea unaukaza, kesho umelegea tena. Vumbi la murram likishaingia kwenye kalipa, kile kibanio kinachosukuma pedi kwenye diski, unaminya mkono wa breki mpaka unagusa usukani na gurudumu bado linazunguka.

Pedi zake za asili nilizitafuta soko la spea la Kisekka kibanda kwa kibanda, sikuzipata. Binamu yangu akazitafuta Nairobi, naye akakosa. Ndipo nikaamua kuivisha Honda hii kongwe vifaa vya pikipiki ya Bajaj Pulsar 150, kwa sababu moja tu: pedi za Pulsar zinauzwa kila kona ya Kampala, na breki isiyo na spea ni hatari inayosubiri siku yake.

Karakana ya kwanza niliyokwenda, ya mjini, ilinifungia masta silinda (ile pampu ya mafuta inayosukumwa na mkono wa breki) ya pikipiki kubwa yenye diski mbili mbele. Nikaminya, mkono mgumu kama jiwe, pikipiki haisimami. Mimi nafundisha fizikia, kwa hiyo nililala na kalamu usiku ule. Masta ile ilikuwa ya inchi 5/8, yaani karibu milimita 15.9. Ukiweka ya inchi 1/2, milimita 12.7, eneo la pistoni linapungua, na kwa nguvu ileile ya vidole shinikizo la mafuta linapanda zaidi ya mara moja na nusu. Mkono utasafiri zaidi kidogo kabla ya kubana, lakini utabana kweli. Nilipowarudia kuwaeleza, waliniambia nitazoea. Breki haizoewi. Nikaondoka.

Fundi ninayemsifu leo yuko Katwe, nyuma ya wanaoyeyusha alumini chakavu na kumimina sufuria. Hana kibao. Ni mtu wa Arua, tukaelewana kwa Kiswahili tangu salamu. Aliiangalia Honda kwa muda mrefu bila kushika sipana, kisha akapima unene wa diski yake na ya Pulsar kwa venia, kipimo cha milimita. Ya Honda ni nene zaidi, pedi mpya za Pulsar zisingeikumbatia. Kuna mafundi ambao wangeisugua mpaka iingie. Yeye alikataa. Akapendekeza tuweke diski ya Pulsar yenyewe, ya milimita 240, na kati yake na habu ya Honda (kitovu cha gurudumu) aweke ringi ya chuma iliyokerezwa kwa mashine, ili diski ikae katikati kabisa bila kuyumba.

Ikabaki bamba la kushikilia kalipa kwenye shokapu. Kwa kuwa majirani zake wanamimina alumini mchana kutwa, niliuliza kama lingeweza kumiminwa, lingekuwa jepesi. Jibu lake ndilo lililonifanya nimwamini: "Mwalimu, alumini ya sufuria ina matundu ndani usiyoyaona. Pika nayo. Breki usiitundike hapo." Akakata bamba kwenye chuma bapa cha milimita 8. Alianza kwa kadibodi, akaijaribishia kwenye shokapu mara tatu, gurudumu likizungushwa kila mara, ndipo akawasha grainda.

Kazi ilichukua siku nne badala ya mbili alizoahidi. Gharama: kalipa, diski na masta vya mtumba shilingi 170,000, ringi na bamba 90,000, mpira mpya wa breki (bomba linalopitisha mafuta) 35,000, mafuta ya breki ya DOT 4 15,000, ufundi 100,000. Jumla 410,000. Pedi nilinunua mwenyewe, mpya. Mpira wa breki naomba kila mtu anunue mpya, hata akibana matumizi kwingine kote.

Kuna doa. Mpira ulikuwa mrefu mno, akaufunga kwa waya, na nilipogeuza usukani wote ulikaribia tairi. Niliurudisha, akaufupisha bila kunidai. La pili limeniuma zaidi: alitumia washa za shaba za zamani, vile viringi vya kuziba, kwenye kiungo cha juu cha mpira, mafuta yakavuja usiku, na asubuhi nikakuta rangi ya tangi imebabuka kama ngozi iliyoungua. Mafuta ya breki hula rangi, na rangi ile aliipaka baba kwa mkono wake. Fundi alinyamaza, akaomba radhi, akaweka washa mpya na kutoa hewa upya mpaka mapovu yakaisha. Nimekubali radhi yake. Ila ukienda kwake, funika tangi na udai washa mpya mbele ya macho yako.

Kuhusu kusimama kwenyewe, nilijaribu kwenye uwanja wa shule siku ya Jumapili, kwa kilomita 40 kwa saa, kutoka tofali lilelile. Kwa waya, hatua 23. Sasa, hatua 14, na vidole viwili vinatosha. Shokapu za Honda ni nyembamba, zinazama sana ukibana kwa ghafla, hivyo jifunze upya kubana taratibu kisha kuongeza. Breki ya nyuma ni ileile ya ngoma, sijaigusa. Kila baada ya wiki nakagua bolti za bamba kwa sipana. Mpaka sasa, baada ya wiki saba na mvua kadhaa, hakuna iliyolegea.

Waya wa zamani na kalipa yake nimevipaka grisi na kuvihifadhi kwenye sanduku la baba. Juzi nilipita Makerere saa kumi na moja jioni, foleni imejaa, nikashuka mpaka kwenye taa, bodaboda mmoja akanikatia mbele ghafla. Nikabana. Honda ikasimama, nikaweka mguu chini, taa ikawaka kijani.