TAHADHARI: Injini za "5L" zinazouzwa Mtwara mjini msimu huu, kwangua rangi kwanza

Ndugu zangu mnaoendesha pikapu na Hiace za dizeli huku kusini, kuna muuzaji wa injini za mtumba amefungua fremu Mtwara mjini tangu msimu wa korosho ulipoanza. Anauza 2L, injini ndogo ya dizeli ya Toyota, kwa jina na bei ya 5L iliyo kubwa zaidi. Mimi nimepigwa milioni nne na laki mbili, na siko peke yangu, maana fundi wangu ameshaletewa ya pili. Jina lake siliandiki kwa kuwa jambo liko polisi na RB (namba ya taarifa niliyoandikisha) ninayo. Naandika anavyofanya, ili asimpate mwingine.

Hilux yangu ilikuwa na 3L. Mwezi wa nane hedi ilipasuka, maji yakaingia kwenye oili mpaka ikawa rangi ya chai ya maziwa. Fundi akanishauri nisihangaike na hedi ya kuchomelea, nitafute 5L, kwa sababu 2L, 3L na 5L ni za tumbo moja. Giaboksi yako inakamata vilevile, na nguvu unaongeza. Ushauri ulikuwa wa kweli na mpaka leo sina neno naye. Ila undugu huo ndio anaoutumia tapeli. Ziweke zote tatu sakafuni, zipulizie rangi ya fedha, mtu wa kawaida hatajua ipi ni ipi. Tofauti iko ndani: 2L ina cc 2446, 3L ina 2779, 5L ina 2986.

Nilipofika kwenye fremu yake injini ilikuwa imekaa juu ya matairi mawili, inanguruma. "Mama yangu, hii ni Japani tupu, haijaguswa na mtu," akaniambia, akazima, akawasha tena kwa mara moja. Niliweka kiganja juu ya hedi, ikaniunguza. Hapo ndipo nilipotakiwa kujiuliza. Injini ya dizeli iliyochoka ikishapata moto inawaka vizuri tu, ubovu wake unaonekana asubuhi ikiwa ya baridi. Mimi niliona inawaka, nikafurahi. Akanimulikia kwa tochi ya simu sehemu ya bloku yenye namba: 5L, halafu tarakimu zake saba. Nikapiga picha, nikatuma pesa kwa simu. Risiti aliniandikia kwenye karatasi ya daftari, chini ameweka "mali ikishauzwa hairudishwi". Ya EFD, ile ya mashine ya kodi, alisema mashine ina hitilafu.

Shida ya kwanza ilianza siku ya kufunga. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa ya Hiace, haikukaa, inagonga difu ya mbele. Ukihamisha sampu lazima uhamishe na bomba la kunyonyea oili, la sivyo pampu itanyonya hewa na beringi zitakatika siku hiyo hiyo. Fundi akatumia za injini yangu ya zamani. Jambo hilo linarekebishika, wala sikumlaumu mtu sana. Ila ulizeni kabla ya kulipa: injini imetoka kwenye gari gani hasa, Hiace, Hilux ya kawaida au ya foo wili? Jina la injini peke yake halitoshi.

Wiki ya pili nikapakia gunia kumi na mbili za korosho kutoka bondeni upande wa Ruvuma, napeleka ghalani Newala. Mnaojua mlima ule mnajua. Na 3L yangu mbovu nilikuwa napanda kwa gia ya pili na mzigo huo huo. Safari hii nilienda gia ya kwanza, moshi mweusi nyuma, mshale wa joto unapanda, na katikati ya mlima gari likasimama. Wakulima wawili waliokuwa nami wakashuka kuweka mawe nyuma ya matairi. Tulishusha gunia sita kando ya barabara usiku ule, nikaenda mara mbili.

Fundi aliposikia hakubishana. Akafungua hedi, akachukua venia, kile kipimo cha milimita, akapima mdomo wa silinda ya kwanza. Akapima tena. Akanipa nisome mwenyewe: milimita 92. Silinda ya 5L ni 99.5. Ya 3L ni 96. 92 ni 2L, hakuna mjadala. Nimelipa milioni nne kununua injini ndogo kuliko ile niliyoitoa.

Kisha akalowesha kitambaa kwenye thina akasugua pale penye namba. Rangi ya fedha ikatoka, chini yake chuma kimepigwa msasa, kinang'aa peke yake katikati ya bloku yenye kutu. Herufi L imesimama wima, na zile tarakimu saba ziko mstari mmoja, kimo kimoja. 5 imelala kidogo kushoto, ni ya kina zaidi, na ukipeleka jicho karibu unaona mkia wa 2 ya zamani haujafutika vizuri. Kwenye picha niliyopiga dukani haionekani, kwa sababu ya rangi.

Na hili la namba si la pesa tu. Kadi ya gari kutoka TRA ina namba ya injini na ukubwa wake, ukibadilisha injini unatakiwa ukarekebishe taarifa. Ukienda na namba iliyogongwa upya, wa kujieleza ni wewe, yeye hayupo.

Niliporudi kwake aliniambia dizeli zote za Toyota zinaingiliana na gari langu ndilo bovu. Msiwasikilize wanaosema hivyo. 1KZ-T na 1KZ-TE zinatofautiana herufi moja tu, lakini ya kwanza pampu yake ni ya kimakanika na ya pili inaendeshwa na kontroboksi, yaani kompyuta ya injini. Ukinunua TE bila kontroboksi na waya zake umenunua chuma. 1KD-FTV ndiyo kabisa, kila nozeli ina namba yake inayoingizwa kwenye kontroboksi, na kama gari lilikuwa na ufunguo wa chipu unahitaji na huo. Injini iliyotoka kwenye otomatiki haina flaiwili ya klachi, uliza nani analipia. Angalieni pia alternata: nyingi za dizeli zina pampu ya vakyumu mgongoni, inayosaidia breki. Huyu anazing'oa na kuziuza peke yake. Ukifunga alternata isiyo na pampu hiyo taa zitawaka, betri itachaji, lakini pedali ya breki itakuwa ngumu kama gogo. Kwa barabara zetu za mlimani hilo ni la kuua watu.

Ukienda kununua, nenda na fundi wako, siyo wa dukani. Piga simu useme unakuja saa nne, ufike saa moja na nusu, injini ikiwa bado baridi. Chukua kitambaa na thina, na akikukataza kusugua namba, ondoka. Iwashwe mbele yako, mfuniko wa oili ufunguliwe ikiwa inaunguruma: ikipumua moshi kwa nguvu, piston na ringi zimekwisha. Dai risiti ya EFD yenye namba ya injini, na usitume pesa yote kabla ya kufunga na kupanda nayo mlima ukiwa na mzigo.

Kwa mliokwishanunua injini ya rangi ya fedha kutoka kwenye fremu yoyote ya mjini msimu huu, sugueni namba leo. Ukikuta 5 imelala, usiiguse tena wala usiirudishe kwake, maana ataificha na ushahidi. Piga picha ukiwa na fundi wako, nenda kituo cha polisi ulichokaribu nacho uandikishe. Minada ya korosho ikiisha atafunga fremu, kwa hiyo tuwahi.