Old Kampala: mnara safi, mtembezaji nusu
Nyota tatu kati ya tano. Mbili na nusu ni za mnara.

Mimi ni wakala wa forodha Mwanza. Mzigo ulinikwamisha Kampala, nikapata asubuhi ya bure, nikapanda kilima cha Old Kampala kuuona Msikiti wa Taifa, ule uliokuwa ukiitwa wa Gaddafi. Mapokezi hayana doa. Dada wa mlangoni alinifunga kitenge kiunoni kwa fundo moja, akaniwekea mtandio sawasawa bila kunifanya nijione mchafu. Mnara una ngazi za kuzunguka, magoti yatasema, lakini juu kule unaiona Kampala yote: Rubaga ya Wakatoliki, Namirembe ya Waprotestanti, Mengo ya Kabaka (mfalme wa Buganda), Kibuli ya Waislamu.

Mtembezaji nilimwokota nje, kijana msafi, Kiswahili chake kizuri kuliko nilivyotegemea. Vita vya Waprotestanti na Wakatoliki vya Januari 24, 1892 alivisimulia vizuri mno. Alinionyesha kwa kidole jinsi Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alivyokaa hapa kilimani na bunduki ya rashasha ya Maxim, akawagawia Waprotestanti silaha, kanisa la Rubaga likateketea, Kabaka Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Nilisikia vinyweleo vikisimama.

Halafu akarukia Idi Amin. Nikamuuliza, "Na Macdonald je?" Akasema, "Yule wa reli, mama?"

Ndiyo, wa reli! Hapo ndipo utamu ulipo, kaka yangu. Macdonald, kapteni wa wahandisi, alikuja kupima njia ya reli. Mwaka huohuo wa 1892 yeye na Lugard waliongozana kurudi kuelekea pwani, na njiani ikamfikia amri ya London: geuka, rudi Uganda, uchunguze mwenzako alifanya nini. Hebu jiweke mahali pa Lugard. Mtu mliyekuwa msafara mmoja ndiye sasa anakwenda kuhoji watu uliopigana nao, na wewe uko Ulaya, huna pa kujibia. Msaidizi wake katika uchunguzi ni mwandishi wa Kijerumani, Eugen Wolf, ambaye Lugard hakumpenda hata kidogo. Kapteni Williams, aliyeachiwa na Lugard ngome ya hapa kilimani, alikorofishana na Macdonald vibaya sana.

Ripoti ya 1893 ikamlaumu Lugard. Naye hakukaa kimya: alizunguka Uingereza akihutubia, akaandika magazetini, akatoa kitabu cha juzuu mbili mwaka huohuo. Serikali yenyewe ikaifungia ripoti, haikuichapisha. Lakini 1898 Uingereza ikawalipa mapadri wa Kifaransa, wale Wakatoliki wa Rubaga, pauni 10,000. Mimi kazini nimeona kampuni nyingi zikilipa huku zikikana kosa, kwa hiyo malipo hayo yananiambia mengi kuliko hotuba zote za Lugard.

Na kuna Selim Bey, ofisa wa askari wa Kisudani ambaye Lugard alimleta mwenyewe Uganda na kumwamini. Macdonald alimkamata 1893, akamsafirisha kuelekea pwani, mzee akafia njiani. Kwa Lugard hilo lilikuwa tusi juu ya tusi. Sijui kama wakubwa hawa wawili waliona kwamba aliyelipia ugomvi wao kwa roho yake ni mtu wa tatu.

Kijana wangu hakugusa hata moja kati ya haya. Akanipeleka kwenye ngome, ambayo si ile ya asili, maana ya zamani ilibomolewa kupisha msikiti na hii imejengwa upya kando. Pale kila kitu ni Lugard, Lugard, Lugard. Alifika hadi kuwa gavana wa Hong Kong na Nigeria, basi jina limebaki lake. Mpinzani wake ukimtaja unaambiwa ni wa reli.

Nilimlipa shilingi elfu hamsini za Uganda, bei tuliyopatana, na sijaona nimeibiwa. Sauti yake peke yake ina thamani. Lakini mwenye hadithi nzuri hivi anayeishia katikati ananikera kuliko asiyejua kitu.

Nendeni asubuhi, si Ijumaa mchana, na viatu vya kuvulika haraka. Mtembezaji mkimpata, muulizeni habari za Macdonald kabla hamjapatana bei.