Fomu ya mkataba wa duka inayouzwa steshenari: inamlinda anayekodi kwa mpangaji?

Katika steshenari za Mombasa huuzwa fomu zilizochapwa tayari za mkataba wa kukodisha duka, na wafanyabiashara wadogo huzinunua kwa kuwa gharama ya wakili huwashinda. Nimeisoma moja kwa kumfikiria mtu ambaye aghalabu husahaulika, yaani anayekodi sehemu ya duka kutoka kwa mpangaji aliyemo ndani. Ni jambo la kila siku mijini mwetu, ambako duka moja hugawanywa kwa mbao na vioo, fundi wa simu akakaa huku na muuza nguo kule, nao wote wakamlipa mtu ambaye si mwenye jengo.

Kama kumbukumbu ya malipo, fomu hii inatosha. Ina nafasi za majina, nambari za vitambulisho, kodi, amana na sahihi za mashahidi, na Kiswahili chake kinaeleweka bila mkalimani.

Kasoro kubwa imo katika kifungu kinachomkataza mpangaji kumpangisha mtu mwingine, kisha kikakomea hapo. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 haikukaza kamba kiasi hicho: sharti inalolichukulia kuwamo katika mikataba ni kwamba mpangaji asipangishe bila idhini ya maandishi ya mwenye mali, naye mwenye mali asiinyime idhini hiyo bila sababu ya maana. Maneno hayo machache ndiyo yanayompa mpangaji mlango wa kubisha, na fomu imeyaacha nje. Matokeo yake ni kwamba watu hupangishana kwa siri, na anayeumia ni yule wa mwisho, ambaye amekwisha toa kilemba, yaani fedha za kupewa nafasi ya duka, mbali na kodi, na kuweka rafu zake, ilhali hana hata karatasi moja inayomtambulisha kwa mwenye jengo.

Kifungu cha notisi nacho kinapotosha. Fomu inasema mwezi mmoja unatosha kumwondoa mpangaji. Hata hivyo, kwa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301 ya sheria za Kenya inaulinda upangaji usio na mkataba wa maandishi, pamoja na ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, na fasili yake ya mpangaji inamjumuisha pia aliyepangishwa na mpangaji. Notisi ni lazima iwe katika fomu maalumu ya sheria, itaje sababu, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu ipokewe. Asiyekubaliana nayo hupeleka lalamiko kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe hiyo kufika. Sheria hiyo inabatilisha pia makubaliano yoyote yanayokusudia kuizuia isitumike, kwa hiyo mwezi mmoja wa fomu hauna nguvu juu ya duka linalolindwa hivyo, hata kama pande zote mbili zimetia sahihi. Inasikitisha kwamba karatasi inayouzwa kwa maelfu ya watu wasio na wakili inawafanya waamini kinyume.

Kuhusu ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali inayotozwa juu ya hati, fomu iko kimya kabisa. Mkataba wa kukodi wa hadi miaka 3 hutozwa asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na usiolipiwa hukataliwa kama ushahidi, hata ukiwa umeandikwa vizuri namna gani.

Atakayeinunua pamoja na hayo yote na aongeze kwa kalamu, chini ya kifungu cha kupangisha, maneno ya idhini ya maandishi isiyonyimwa bila sababu, na kila upande utie sahihi pembeni mwa nyongeza hiyo. Anayekodi kwa mpangaji naye aombe kwanza kuuona mkataba mkuu, autazame unamalizika lini, kisha aipate barua ya mwenye jengo mkononi kabla ya kutoa shilingi yoyote ya kilemba.