Kipimo cha tezi dume katika kliniki moja ya Kampemba, Lubumbashi

Nimepimwa tezi dume, ile ambayo wengi wetu hapa tunaiita prostati, katika vituo viwili vya mji huu wa Lubumbashi, na tofauti niliyoikuta kati yao ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Kituo cha kwanza sitakitaja. Cha pili ni kliniki ndogo ya Kampemba yenye geti la buluu, na ndiyo ninayowashauri wanaume wenzangu waiendee.

Nilikuwa na sababu ya kupimwa ingawa sikuumwa kitu. Kaka yangu mkubwa alitibiwa mgongo mwaka mzima, akipakwa dawa na kuchomwa sindano, kabla mtu yeyote hajafikiria kumpima damu. Siku alipopimwa, saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Tulimzika miezi minane baadaye.

Katika kituo cha kwanza walinitoa damu bila kuniuliza hata swali moja, na kesho yake kijana aliyekaa dirishani akasoma karatasi kwa sauti mbele ya watu jibu la PSA, kipimo cha damu cha tezi hii: PSA 6.8, “Baba, hii ni kansa.” Nililala siku tatu bila kula bukari. Ilikuja kujulikana kwamba nilikuwa na maambukizo ya njia ya mkojo, ambayo peke yake hupandisha PSA. Nilipotibiwa, nikasubiri wiki sita na kupimwa upya kule Kampemba, kipimo kilishuka hadi 2.1.

Kampemba wanaanza na maswali. Muuguzi, mama wa makamo mwenye daftari kubwa la mistari, anauliza umri, anauliza kama unaungua unapokojoa, kama baba au ndugu yako aliugua, kama unatumia dawa yoyote, kwa maana finasteride, inayotolewa kwa tezi iliyovimba, hushusha PSA karibu nusu na kuficha ukweli. Siku yangu alikuwapo kijana anayesafirisha makala, yaani mkaa, kwa baiskeli, na muuguzi akamwomba apumzike siku mbili bila kuendesha, na bila kulala na mke wake, ndipo arudi. Kijana alidhani anafukuzwa. Mama yule akamfuata hadi getini kumweleza kwamba tandiko la baiskeli hubana tezi, na damu yake ingesema uongo.

Kisha daktari anakaa nawe, na hapa ndipo kliniki hii inapostahili sifa zangu zote. Aliniambia wazi kwamba PSA ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, si alama ya saratani peke yake; kwamba kikomo cha nanogramu 4 kwa mililita ni cha kuongoza tu, kwa kuwa tezi huvimba na uzee bila saratani; na kwamba uthibitisho hutoka kwenye kinyama kinachokatwa kwenye tezi na kuangaliwa kwa hadubini. Hakuficha upande wa pili: zipo saratani zinazokwenda polepole ambazo zisingemuua mtu, na upasuaji au mionzi huweza kumwachia shida ya kuzuia mkojo au ya nguvu za kiume, ndiyo maana wagonjwa wengine hufuatiliwa tu kwa vipimo. Utafiti wa Ulaya uitwao ERSPC, uliofuatilia wanaume zaidi ya 160,000, ulionyesha baada ya miaka 16 kwamba vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 20 miongoni mwa walioitwa kupimwa. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanabishana kuhusu kugundua mno, yaani kuzigundua hata zile saratani zisizoua. Sisi, wanaume weusi ambao ugonjwa huu hutupata zaidi na mapema zaidi, tunafika hospitali mkojo umeshaziba, na kwa sababu hiyo nakubaliana na daktari huyu anayeanza kuwapima watu wenye historia kama yangu wakiwa na miaka 45.

Kipimo cha kidole, ambapo daktari huigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na ambacho ndicho kinachowatia wengi hofu, hakikuzidi dakika moja, mlango ukiwa umefungwa na pazia limeshushwa. Malipo ya vyote hayakufikia bei ya mfuko wa unga wa kilo 25.

Kasoro zipo. Benchi la kusubiria liko uani, juani, na linatosha watu watano. Kinyama hakikatwi pale, unaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, na barua ya mfano niliyoonyeshwa haikutaja gharama, jambo ambalo mtu wa kipato kidogo anahitaji kulijua mapema.

Kwenye benchi hilo, mzee mmoja wa Katuba alisema hakuna haja ya kupima, kwa kuwa hata Mobutu, pamoja na fedha zake na upasuaji wa Lausanne mwaka 1996, alifia Rabat tarehe 7 Septemba 1997 kwa ugonjwa huohuo. Muuguzi aliyekuwa akipita na daftari lake akasimama. “Baba, Mandela naye waliigundua mwaka 2001, wakamtibu kwa mionzi, akaishi hadi 2013 akiwa na miaka 95.” Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza damu inatolewa mkono upi.

Wadogo zangu wawili wa Likasi wanakuja Jumamosi. Nimeshawaandikisha.