Omeprazole kwa Kiungulia cha Kila Wiki: Siku 14, na Zilizofuata

Habari zenu, watazamaji wangu. Mkononi nina boksi ambalo wengi wenu mmewahi kulishika: kapsuli za omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miligramu 20, ndani zilikuwa 14. Hakuna kampuni iliyonitumia. Nilinunua mwenyewe, nikameza zote, kisha nikangoja wiki tano baada ya kumaliza ndipo nikawasha kamera. Nimengoja kwa sababu dawa hii huwezi kuisemea siku ya pili. Wengi niliowasikia wakiiponda, na wengi wanaoisifu, wanasimulia siku mbili tatu za mwanzo tu.

Kabla sijafungua boksi, neno moja. Kama maumivu ya kifua yanakuja na jasho jembamba, unahema kwa shida, au maumivu yanatambaa kwenda begani, mkononi au kwenye taya, zima video hii uende hospitali sasa hivi. Moyo na kiungulia hufanana sana, na hata daktari hutaka kipimo kwanza kabla ya kusema ni kipi.

Haya, nirudi kwangu. Saa nane usiku nilikuwa naketi kitandani, kifua kinawaka kuanzia chini ya mfupa wa katikati hadi kooni, mdomoni uchachu umejaa. Nikiinama kufunga viatu, kinapanda. Nikilala chali, kinapanda. Kwa miezi nilitafuna vile vidonge vya kutuliza asidi, kimoja baada ya kula, viwili kabla ya kulala, na kingine katikati ya usiku. Ndipo mfamasia mmoja akaniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: "Kwa wiki kinakushika siku ngapi?" Nikahesabu. Nne, mara nyingine tano. Akaniambia kikikushika siku mbili au zaidi kwa wiki, hicho tunakiita kiungulia cha mara kwa mara, na vidonge vya kutafuna havikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Hapo panahitaji maelezo. Tumbo lina asidi kali, nalo limejikinga kwa ute. Umio, yaani mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni, haukupewa kinga ya namna hiyo. Kati ya viwili hivi kuna msuli wa mviringo unaojikaza kama mdomo wa mfuko wa kamba. Ukilegea, asidi hupanda na kuunguza mahali pasipostahili. Kidonge cha kutafuna kinaikuta asidi ikiwa imeshatengenezwa, kinaizima papo hapo. Ndani ya dakika chache unapata nafuu, na baada ya saa moja au mbili tumbo limeshatengeneza nyingine. Basi unatafuna tena. Vyenye magnesiamu hulegeza choo, vyenye alumini hufunga choo. Mimi nilipitia hali zote mbili na sikujua zinatoka wapi.

Omeprazole inaenda kwenye chanzo. Kwenye ukuta wa tumbo kuna seli zenye vipampu vidogo sana, na vipampu hivyo ndivyo vinavyosukuma asidi. Dawa hii hukishika kipampu na haikiachii tena. Mwili mpaka utengeneze kingine kipya. Ndiyo maana kapsuli moja hutosha kwa siku nzima, ingawa dawa yenyewe huisha kwenye damu ndani ya saa chache. Iligunduliwa Uswidi, ikaanza kuuzwa mwaka 1988. Mwaka huohuo James Black, mwanasayansi wa dawa kutoka Uskoti, alipewa Tuzo ya Nobel, na moja ya kazi zake ilikuwa cimetidine ya mwaka 1976, dawa ya kupunguza asidi ya kizazi kilichotangulia, ya ukoo mmoja na famotidine ambayo bado inauzwa leo.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana ndipo watu wengi tunapoipoteza dawa hii. Inakishika kile kipampu kinachofanya kazi tu. Kilicholala inakipita. Na vipampu huamka kwa wingi unapokula baada ya tumbo kukaa tupu usiku kucha. Kwa hiyo dawa inatakiwa iwe imeshafika kwenye damu pale chakula cha kwanza kinapoingia: nusu saa mpaka saa moja kabla ya kifungua kinywa. Sio baada ya kula. Sio usiku moto ukishawaka.

Mimi boksi langu la kwanza, kabla ya hili, lilipotea bure. Muuzaji wa duka moja la dawa aliniambia, "Meza ukisikia kinawaka." Nikafanya hivyo, moja leo, nyingine baada ya siku tatu, tena tumbo likiwa limejaa. Nikasema haifanyi kazi. Nilichokosa ni maelekezo sahihi, na jambo hili linaniuma kwa sababu wangapi wameambiwa hivyo na bado wanateseka?

Ngoja niwaonyeshe kitu. Hii kapsuli ilibaki kwenye lile boksi la kwanza, nimeifungua kwa ajili ya kamera tu. Mnaona hizi punje ndogondogo? Kila punje imefunikwa kwa gamba linaloizuia isiyeyuke tumboni, kwa kuwa asidi ingeiharibu dawa kabla haijafika kwenye utumbo mwembamba, inakofyonzwa. Ukizisaga au ukizitafuna, umevua lile gamba. Imezwe nzima, na maji.

Siku zangu zilikwenda hivi. Siku ya kwanza nilimeza saa kumi na mbili asubuhi, nikala saa moja kasorobo. Usiku kikawaka vilevile. Siku ya pili pia, nikaongeza kidonge cha kutafuna, na hilo linaruhusiwa. Karatasi ya maelezo inasema nguvu kamili huchukua siku moja mpaka nne, maana kila asubuhi inakamata vipampu vingine vilivyoachwa jana. Siku ya nne nililala mpaka alfajiri. Nilipoamka nilikaa kimya kitambo, sikumbuki mara ya mwisho lini niliiona alfajiri bila kuamshwa na kifua.

Siku ya tisa nikajifunza jambo ambalo boksi halisemi. Nilikula usiku sana, nikashiba, nikalala mapema. Chakula kikapanda mpaka kooni. Nilikisikia kabisa. Lakini hakikuunguza. Hapo ndipo nikaelewa kwamba dawa haifungi mlango. Msuli umelegea vilevile, ila kinachopita mlangoni hakina makali. Kama shida yako kubwa ni kucheua, chakula kinarudi mdomoni, omeprazole peke yake itakusaidia nusu tu.

Kwa hiyo nilianza kushughulikia mlango. Niliinua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, kama sentimita 15 mpaka 20. Mito nilijaribu, ikanikunja kiuno na kulibana tumbo, ikawa mbaya zaidi. Nikaacha pengo la saa tatu kati ya chakula cha mwisho na kulala. Nikalalia ubavu wa kushoto, kwa sababu ukilala hivyo tumbo linakuwa chini ya umio. Ukilalia kulia, asidi inakaa mlangoni. Hivi vitu havina gharama yoyote na ninavyo mpaka leo, wakati kapsuli zimekwisha.

Madhara niliyoyapata: kichwa kuuma siku ya tatu na ya nne, gesi tumboni karibu wiki nzima. Yote yameorodheshwa kwenye karatasi. Na karatasi yenyewe, jamani, hili ni lalamiko langu la kweli. Maneno "kabla ya kula asubuhi" yako ndani, kwa herufi ndogo kiasi kwamba ilinibidi nipige picha na kuikuza. Neno ambalo dawa nzima inalitegemea lingeandikwa usoni mwa boksi.

Sasa nije kwenye kuacha, ambako ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo.

Huko Marekani dawa hii iliruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari mwaka 2003, na maelekezo yake ni haya: mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea, kapsuli moja kwa siku, siku 14, kisha simama, na usirudie kabla miezi minne haijapita bila kuongea na daktari. Watu wengi husimama, kiungulia kinarudi kwa kishindo, wanaogopa, wanaanza boksi jingine. Kisha jingine. Mwaka unapita.

Mimi kilirudi siku ya tatu baada ya kapsuli ya mwisho. Usiku mmoja kilikuwa kikali kama zamani. Nilijua kinakuja kwa hiyo sikushtuka. Asidi inapopungua, mwili hutoa kwa wingi homoni iitwayo gastrini, ambayo kazi yake ni kuliamrisha tumbo litengeneze asidi. Ukiacha dawa, breki imeondolewa lakini amri bado ni kubwa, na asidi hutoka kupita kawaida kwa muda. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio ambalo naliona ni la kila mtu kulijua. Walichukua watu wazima 120 wenye afya, wasio na kiungulia. Baadhi wakapewa esomeprazole, ndugu wa karibu wa hii yangu, kwa wiki nane. Walipoachishwa, 44 kati ya kila 100 walipata dalili za asidi, wakati waliokuwa wakimeza vidonge visivyo na dawa ni 15 kati ya kila 100. Fikirieni: watu waliokuwa wazima, wamepata kiungulia kwa kuacha dawa ya kiungulia. Ni kweli wao walimeza wiki nane, tena dozi kubwa, mimi siku 14 tu. Lakini ndiyo maana siku 14 zina maana.

Zile siku za kurudi nilizivuka kwa dawa ya maji yenye alginati, inayotokana na mwani. Ukiinywa baada ya kula, inaelea juu ya kilichomo tumboni kama utando na kuizuia asidi isipande. Nilikunywa siku kama kumi. Kikapoa. Kwa sasa kinanishika siku moja kwa wiki, wiki nyingine hakipo.

Lakini tafadhali, nisieleweke vibaya. Kama daktari ndiye aliyekuandikia uimeze miezi au miaka, kwa sababu umio una vidonda, au unatumia dawa za maumivu zinazochubua tumbo, au kwa hali iitwayo Barrett ambapo ngozi ya ndani ya umio imebadilika, usiache kwa ajili ya video yangu. Muulize yeye. Ukiitumia muda mrefu, muulize pia kuhusu magnesiamu, vitamini B12 na mifupa. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba magnesiamu inaweza kushuka kwa watu wanaoitumia zaidi ya mwaka.

Mwambie mfamasia dawa nyingine zote unazomeza. Clopidogrel ya kuzuia damu kuganda inapungua nguvu ukiichanganya na omeprazole. Wanaotumia atazanavir au rilpivirine kwa ajili ya VVU ni lazima waulize kwanza, kwa kuwa dawa hizo huhitaji asidi ili zifyonzwe. Warfarin, digoxin na methotrexate pia zitaje kwa majina.

Mtu mmoja aliniandikia, "Mimi nina vidonda vya tumbo, nimeze?" Nikamuuliza, umepimwa? Hapana. Jamani, siku hizi kila kinachowaka tumboni tunakiita vidonda vya tumbo. Vidonda vingi husababishwa na bakteria wa Helicobacter pylori, ambao Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobel ya mwaka 2005 kwa kuwagundua, na hao huuawa kwa antibayotiki. Ukienda kupimwa kwa pumzi au kwa choo huku unameza omeprazole, kipimo kinaweza kusema huna wakati unao. Kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kipimo. Mtajie daktari hili hata asipouliza.

Na kama chakula kinakwama ukimeza, unapungua uzito bila sababu, unatapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au choo ni cheusi kama lami, boksi hili sio lako. Nenda kwa daktari. Dawa inaweza kuyatuliza maumivu huku ugonjwa wenyewe unaendelea chini kwa chini. Vilevile nenda kwa daktari kama umemaliza siku 14 na hakuna kilichobadilika.

Mnaniuliza ningeinunua tena? Ndiyo. Angalieni hapa nyuma ya boksi, nimeandika kwa kalamu tarehe niliyomeza kapsuli ya mwisho, na chini yake tarehe ya miezi minne mbele. Huwa nimelibandika ndani ya mlango wa kabati, pembeni ya vikombe, mahali ambapo mkono wangu unafika kila asubuhi kabla ya kula.