Nilimtafutia sungura wangu mwenzake, nikakutana na mshika masikio

Alimshika masikio. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonirudia usiku. Bwana yule aliingiza mkono bandani, akapapasa kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, akamtoa sungura ananing'inia kwa masikio yake mawili, miguu inapiga hewa, akaniambia, "Huyu hapa dada, chuma."

Mengine nitajitahidi kuyasema kwa haki. Sijiahidi.

Nyumbani tuna sungura jike mweupe, Pamba. Mwenzake alikuwa Mpingo, dume mweusi tii. Wote wawili aliwaleta marehemu baba wakiwa wadogo wa kuenea ndani ya kofia yake, na yeye ndiye aliyempeleka Mpingo kwa daktari wa mifugo akahasiwe kabla banda halijatufurikia. Mpingo alikufa kwenye lile joto la mwanzo wa mwaka, siku ambayo Dar ilikuwa haina upepo na umeme ulikuwa umekatika mchana kutwa. Sungura hatoki jasho kama sisi. Joto lake anapunguzia masikioni, kwenye ile mishipa unayoiona akikaa kwenye mwanga. Nilipomgusa, masikio yalikuwa kama birika lililotoka jikoni. Nikayalowanisha, nikampepea. Nilikuwa nimechelewa.

Kwa hiyo mtu akimnyanyua sungura kwa masikio mbele yangu, asitegemee nimchekee.

Tulimwacha Pamba akae na mwili kidogo kabla hatujamzika mwenzake chini ya mpapai. Alimlamba kichwani, akajilaza ubavuni pake, halafu akaondoka mwenyewe. Kesho yake hakugusa chakula. Wale wa "mnyama tu huyo, atazoea" hawajui tumbo la sungura. Lile halitakiwi kusimama. Akishinda bila kula, matumbo yanalala, gesi inajaa, na unachimba shimo la pili. Nikawa namlisha peleti zilizolowekwa mpaka zikawa uji, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mama kamviringisha kwenye khanga kama kichanga. Siku ya tatu akatafuna jani la tembele. Lakini alikuwa haondoki kwenye pembe aliyokuwa akilala Mpingo, uso kaupa ukuta.

Mama naye alikuwa ametoka eda si muda mrefu. Akamtazama siku mbili tatu, akasema, "Mtafutie mwenzake."

Basi nikapiga simu. Huyu bwana anauza sungura, njiwa na bata mzinga, na watu wanamsifu. Nikamweleza vizuri tu: nina jike aliyefiwa, natafuta dume aliyehasiwa, mpole, mwenye afya. Kukawa kimya. Halafu nikasikia simu imewekwa pembeni na sauti yake inaita, "Jamani njooni msikie!" Nilirudia maelezo yangu mbele ya hadhira ambayo sikuiona.

Mtaniuliza kwa nini nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu wengine wote niliowapigia walinitajia bei kwa kilo.

Tulipofika alimwamkia mama shikamoo, akamletea kiti cha plastiki, akakifuta kwa kitambaa. Mimi akaniambia, "Ala, wewe ndiye wa msiba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na eda je, imekwisha? Miezi minne na siku kumi dada, usimwozeshe mjane wa watu mbiombio."

Nilihisi damu imenipanda kichwani. Mama yangu amekaa hapo, eda yake haijapoa, na huyu mtu anaigeuza mzaha wa bandani. Nikageuka nimtazame mama.

Mama alikuwa anacheka. Na si kutabasamu kwa adabu. Alicheka akajishika kifua, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akatulia, akaanza tena. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba aondoke. Mnadhani nilifurahi? Nilikasirika maradufu, maana hasira yangu niliibeba kwa niaba yake na yeye kaniachia mzigo njiani.

Nikarudi kwenye shida yangu. Aliyehasiwa yuko? "Dume asiye dume? Dada, unamtafutia mume au towashi?" Mama tena, hoi. Nikamweleza kwamba majike wawili wasiojuana huweza kuchanana, na dume mzima maana yake ni watoto baada ya siku 31, na jike siku anayozaa ndiyo siku anayoweza kushika mimba nyingine. Alinisikiliza kwa makini kabisa, akajibu, "Si ndiyo biashara yenyewe hiyo?"

Hapo ndipo alipoingiza mkono bandani.

Nikamwambia, kaka, mshike kifuani, mkono mwingine umpakate makalio, umsogeze mwilini mwako atulie. Akasema masikio ndiyo mpini, Mungu ndivyo alivyomuumba. Mnyama anatetemeka, macho yamemtoka. Na mimi, badala ya kuondoka, nikafungua pochi. Elfu thelathini na tano. Nilishindwa kumwacha kwenye ule mkono. Najua, ndivyo wanavyotupata. Ukimnunua mmoja kwa huruma, kesho yake banda linajazwa mwingine.

Sasa sikilizeni hii. Nilipouliza afya aliniambia "mzima kabisa, hana hata chawa." Kesho yake nikampeleka kwa daktari. Daktari akayainua masikio taratibu, akachungulia, akaniita. Ndani ukoko wa kahawia, umejikunja tabaka juu ya tabaka kama maganda ya mti. Utitiri wa masikio. Unauma na unawasha, na unaambukiza, ndiyo maana hakutakiwa hata kusogea karibu na Pamba. Akachomwa sindano, akapangiwa nyingine baada ya wiki mbili, na mimi nikaonywa nisiubandue ule ukoko kwa vidole, utaanguka wenyewe, ukiubandua ni kama kumchuna.

Ina maana alimning'iniza kwa masikio yenye vidonda. Na vidole vyake vilikuwa hapo hapo! Mimi naweza kusamehe mtu asiyejua. Lakini mtu aliyeushika ugonjwa kwa kiganja chake anaanzaje kuniambia hakuuona? Nikapiga simu. Akasema, "Dada, masikio ya sungura nani anayachungulia?" Nikakata. Nikaandika maoni ya nyota moja, na hiyo moja nikaeleza kwamba ni ya sungura.

Yale maoni nimeyafuta. Nawaeleza kwa nini, na bado sijaridhika na sababu zangu.

Yule dume, ambaye mama alishaanza kumwita Mkwe, alikaa stoo peke yake mpaka masikio yalipopona. Akahasiwa. Daktari akasema tusiwachanganye bado, dume aliyehasiwa huweza kubaki na mbegu mpaka wiki sita. Mama akanitazama tu. Eda. Ile eda niliyotaka kumpigia mtu kelele ikatukalisha sote nyumbani tunahesabu siku. Tukaweka mabanda mawili yanatazamana, waya katikati, tunabadilishana matandiko yao wazoeane harufu. Wiki ya kwanza Pamba alipiga mguu chini kama askari. Baadaye nikamkuta amehama ile pembe ya Mpingo, kajilaza kwenye waya, na Mkwe upande wa pili vilevile, manyoya yamegusana kwenye matundu.

Siku ya kuwakutanisha tulitandika mkeka barazani, mahali ambapo hakuna hata mmoja anapaita pake. Walikimbizana. Pamba akang'oa kishungi cha manyoya, mimi niko tayari na kitambaa kinene mkononi niwatenganishe. Halafu akasimama, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa mkeka, akangoja. Kwa sungura hiyo ni amri: nilambe. Mkwe akamlamba kuanzia puani mpaka katikati ya masikio. Alichukua muda mrefu kwenye masikio.

Sijui kama duniani kuna dume mpole kuliko huyu. Hagombei chakula, hamng'ati mtu, ukimpa kipande cha karoti anakiacha Pamba amalize (wenu msimpe kingi lakini, nyasi ndizo chakula, karoti ni peremende). Sasa nimeulizwa na jirani: yule mwuzaji alimchagua kwa bahati? Mabanda yalikuwa mengi, sungura walikuwa tele. Alipapasa, akapita mmoja, akapita wa pili, akamtoa huyu. Inawezekana alijua anachotafuta. Kukubali hilo kunaniuma.

Na kuna simu. Karibu mwezi baada ya mimi kumkatia, alipiga. Nilikuwa kazini, simu nimeisahau nyumbani, akapokea mama. "Shikamoo mama, mjane wetu anakula?" Wakazungumza, mama anasema, muda mrefu. Akamwelekeza mchana wa joto tugandishe maji kwenye chupa za plastiki, tuzifunge kitambaa, tuziweke bandani sungura waziegemee. Daktari hakuwahi kutuambia hilo. Ndugu zangu hawakuwahi kuuliza kama Pamba anakula. Aliyeuliza ni huyu, na kuhusu utitiri hakusema pole hata moja.

Kwa hiyo mkienda: nendeni na boksi lenu lenye matundu, mwambieni mapema kwamba sungura mtamtoa wenyewe, na mchungulie masikio kabla ya kulipa. Akitania, tanieni. Akinyoosha mkono, mzuieni mkono.

Nimeandika nyota mbili. Mama amechungulia simu yangu hapa, anasema nimpe nne, na kwamba Jumamosi tutapita kwake kumwangalizia njiwa. Mama hakushikwa masikio.